Mwalimu wa Kwaya Aliyeambiwa Si wa Hapa

Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki mbele ya darasa. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Eldoret, na jioni, akishatoka kazini, alifundisha kwaya ya kanisa letu pale Huruma. Baba yangu, aliyekuja mjini kutoka upande wa ziwa, alikuwa karani wa stoo katika kiwanda hicho hicho, na ndiye aliyenipeleka kwake nikiwa bado msichana wa shule.

"Huyu anaimba jikoni," baba alimwambia.

Mwalimu alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Basi tutaona kama anaweza kuimba mahali pasipo na sufuria za kumsaidia."

Ukoo wake sitauanzia hapa. Baadaye walitokea watu waliopewa kazi ya kumuuliza ukoo, wakauliza mpaka wakachoka, na wakaondoka bila kumjua. Mimi nataka kumweleza mtu niliyesimama mbele yake kila Jumanne na Alhamisi kwa miaka mingi, mtu ambaye mpaka leo nikisikia kwaya ikijaribu sauti mahali, najikuta nimesimama kumtafuta.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, na viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope, na Huruma ina matope ya kutosha. Alivipangusa kwa kitambaa mlangoni kabla ya kuingia, kisha anasimama mbele yetu na kufumba macho. Tungeimba mstari mmoja, anainua kidole. Bila kufumbua macho anasema, "Kuna mtu wa sauti ya pili, upande wa dirisha, anasoma wimbo kama gazeti." Na ni kweli, kulikuwa na mtu. Mara nyingi ni mimi. Mvua ikianza kupiga mabati ya kanisa, kwaya nyingine zingeenda nyumbani. Yeye alituambia tuimbe chini yake, polepole, mpaka tujisikie wenyewe ndani ya kelele ile. Sijawahi kusikia sauti za watu zikiwa karibu hivyo tena.

Sifa alizitoa kwa shida. Tukiimba vizuri alisema, "Haya, tumeanza." Tukiimba vibaya alikuwa na maneno mengi, na moja alilipenda kuliko yote: "Mbona mnapumua kama watu wanaokimbizwa?" Tulicheka kila mara. Baada ya uchaguzi uliofuatwa na ghasia na nyumba kuchomwa, hakulisema tena. Siku moja nilimwona limemfika mdomoni, akalimeza, akasema tu, "Pumueni."

Na mtu huyu aliyetaka watu wapatane kwa sauti nne, mwenyewe hakupatana na wengi. Aligombana na pasta kuhusu kinanda, na mzee wa kanisa kuhusu nani ashike ufunguo wa kabati. Kuna mwimbaji wa besi ambaye hakusalimiana naye mwaka mzima, na bado kila wiki alimpa mstari mgumu kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyeuweza.

Kwa mkewe tu alikuwa mtu mwingine. Mama Mwalimu alikuwa Mluhya kutoka upande wa Kakamega, mrefu kumpita, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Hakuwa na sikio la muziki hata kidogo. Aliimba kutwa, akipika, akifua, akipalilia, na kila noti ilikwenda inakotaka. Nilipokwenda kwao Yamumbi kuchukua nyimbo mpya, ningemsikia kutoka mbali, halafu namkuta Mwalimu ameketi barazani, mguu mmoja juu ya mwingine, ametulia kabisa. Siku moja nikamuuliza anawezaje kuvumilia.

"Kuvumilia nini?" akaniuliza. Nadhani hakuwa anatania.

Nyumba hiyo ya Yamumbi waliijenga pole pole kwa mikono yao, vyumba vya mabati, ua wa kayaba, na mtambaa wa karakara uliopanda ukuta wa jikoni. Jirani yao wa upande wa chini alikuwa mzee wa Kinandi na mkewe, mama mmoja tuliyezoea kumwita Kogo, kama watoto wa Kinandi wanavyomwita nyanya. Wake wa nyumba hizo mbili waliazimana kila kitu. Waume walisalimiana na kuzungumza habari za mvua.

Jambo jingine la kumweleza Mwalimu ni kwamba aliiheshimu serikali kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mbele ya chifu alivua kofia. Mtu akianza kuitukana serikali kwenye foleni, alimkemea. Na hapa sina budi kusema lisilopendeza: hakuwapenda wageni. Wanawake waliokuja sokoni na ndizi kutoka ng'ambo ya mpaka wa Uganda walimkera. "Hawa wakiachwa hivi," alisema akiwa mezani kwetu, "kesho watataka na kura." Mama yangu alimwambia, "Shemeji, kula." Akala, na akaendelea kusema.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa na mji ukaanza kuwaka, mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la kupiga chapa karibu na mahakama. Nyumba ya Mwalimu ilichomwa pamoja na nyingine za upande ule. Waliokuja na petroli hawakumuuliza ni wa kabila gani. Walikisia. Yeye na Mama Mwalimu walitoka na blanketi na redio, wakalala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho kwa miezi, halafu wakapanga chumba kimoja Huruma, nyuma ya kanisa. Kitambulisho chake kilibaki ndani ya kabati lililoungua.

Kwaya ilirudi ikiwa nusu. Wengine walikuwa wamehamia Nakuru, wengine wamerudi makwao upande wa ziwa na hawakutaka kusikia jina la Eldoret. Yule mwimbaji wa besi aliyekuwa amenuniana naye alikwenda bila kuaga. Mwalimu alizipunguza nyimbo zote, akaziandika upya kwa sauti tatu. Alipomaliza aliniambia, "Ukimpata huko aliko, mwambie nimesema arudi." Nilimtafuta, sikumpata.

Basi ndipo alipokwenda kuomba kitambulisho kingine. Alidhani ni safari ya asubuhi moja. Nilimsindikiza kwa sababu ofisi ilikuwa karibu na kazini kwangu. Kijana aliyekuwa dirishani alisoma majina, akasoma tena.

"Mzee, hili jina la mwisho ni la wapi?"

"Ni la baba yangu."

"Najua ni la baba yako. Nauliza ni la wapi."

Hapo sasa ukoo lazima uingie, kwa kuwa ndio ulioletwa mezani. Baba yake aliletwa zamani na wazungu wa chai kutoka upande wa Rwanda, kuja kuchuma chai kule milima ya Nandi. Mwalimu alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, akalelewa kwenye shamba karibu na Cheptiret, akasoma huko, akapata kipande, kitambulisho cha siku zile, huko akiwa kijana, na hakuna aliyemuuliza kitu mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Sasa kijana wa dirishani akamwambia aende mbele ya kamati ya kuhakiki raia.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa chifu. D.O., ofisa wa tarafa, alikuwa katikati, ofisa wa uhamiaji kando yake, na wazee wa maeneo wamejipanga kwenye viti vya plastiki. Sisi tuliokuja kumtolea ushahidi tuliambiwa tungoje nje, lakini madirisha yalikuwa wazi. Nilipochungulia niliona miongoni mwa wazee yule jirani wa Yamumbi. Nikafurahi. Nikamwambia Mama Mwalimu, "Yuko anayemjua." Mama Mwalimu alikuwa ameshamwona, na hakufurahi. Alijua nilichokuwa sijajua, kwamba tangu nyumba iungue mzee yule alikuwa ameusogeza ua na kupanda mahindi mpaka mahali palipokuwa na baraza.

"Kabila lako ni gani?" ofisa wa uhamiaji aliuliza.

"Nimezaliwa kambini, mheshimiwa. Tulikuwa wa kila namna."

"Sema kitu kwa lugha ya mama yako."

"Mama alifariki nikiwa sijaanza kusema. Nilinyonyeshwa na mama wa Kinandi." Akaongeza maneno kwa Kinandi, kwa upole, kama anayesalimia wakubwa. Kisha Kiluhya, kisha Kijaluo alichojifunza kwa baba yangu kiwandani. Mzee mmoja akacheka.

"Huyu anajua lugha za watu wote isipokuwa yake."

D.O. akawageukia wazee. "Kuna anayemfahamu?"

Mwalimu akamtazama jirani yake. Jirani akatazama chini. D.O. akaandika, na Mwalimu akainama kidogo, akavaa kofia yake, akatoka.

Jibu lilikuja kwa karatasi: ombi limekataliwa, mwombaji si raia, ajiandikishe kama mgeni asije akakamatwa. Sababu haikuandikwa. Jioni hiyo ilikuwa Alhamisi, na alikuja mazoezini akiwa ameng'arisha viatu, akatufundisha wimbo wa Pasaka mpaka mwisho. Hatukujua lolote. Ni mkewe aliyekuja kwetu kesho yake, akaketi jikoni kwa mama, na kwa mara ya kwanza nilimsikia amenyamaza.

Jumapili Mwalimu mwenyewe alikuja. Alizungushazungusha kijiko ndani ya chai.

"Shemeji," alimwambia mama yangu, "unakumbuka nilivyokuwa nikisema juu ya wale mama wa ndizi?"

"Nakumbuka."

"Ungenikataza."

"Nilikukataza. Wewe ulikuwa unapiga kelele, hukusikia."

Akatikisa kichwa, akanywa chai. Tangu wiki ile alinunua ndizi kwa mmoja wa wale wanawake, na alinunua nyingi mno, zikaoza pale chumbani, Mama Mwalimu akawa anatugawia.

Ni mimi niliyemtafutia wakili. Alikuwa dada kijana aliyekuwa akija dukani kwetu kupigisha chapa, mwenye kuwasaidia watu wasiojiweza. Mwalimu hakutaka. Alikaa mbele ya meza yake, kofia magotini.

"Nitaishtakije serikali? Serikali ni yetu."

"Hilo ndilo tunaloenda kuliambia korti, Mwalimu," wakili akamjibu. "Kwamba ni yenu."

Ombi likapelekwa Mahakama Kuu. Wakili alisema kamati haikumpa nafasi ya kuleta mashahidi wake, haikutoa sababu, na haiwezi kumvua mtu uraia aliouishi maisha yake yote kwa kuwa jina la babake linasikika la mbali. Upande wa serikali ulisema ni juu yake kuthibitisha kwamba babake alikuwa raia. Babake alikuwa amekufa zamani, na kambi ile ya chai ilikuwa imebomolewa. Kisha kesi ikaanza kuahirishwa. Mara faili haionekani, mara jaji amehamishwa, mara wakili wa serikali hajajiandaa. Kila tarehe Mwalimu alivaa suti yake ya Krismasi. Mchana nilitoka kazini nikampelekea chai kwenye ngazi za mahakama, na alipenda kuniambia ni karani gani wa korti ana sauti nzuri ya tenori inayopotea bure.

Katika miaka hiyo ya kungoja, Mama Mwalimu aliugua. Ulikuwa ugonjwa wa figo, na haukumpa nafasi. Alifariki hospitalini Eldoret, asubuhi, mumewe akiwa amekwenda kumtafutia uji. Nilimkuta nje ya mochari akiwa bado ameshika ile chupa ya uji.

"Nimzike wapi?" akaniuliza.

Yamumbi kulikuwa na mahindi ya mtu. Wakili alijaribu, akaambiwa shamba lina mgogoro na mwenyewe uraia wake uko kortini, angoje. Maiti haiwezi kungoja hivyo. Ndugu za marehemu wakaja na gari, watu wema, wakasema, "Shemeji, kwetu pako." Tukaenda naye mpaka kwao, upande wa Kakamega, tukamzika kando ya mama yake. Kwaya iliimba vibaya siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Tulikuwa tunalia, kila mtu na noti yake. Nilimwangalia Mwalimu, nikingoja ainue kidole. Hakuinua. Alisimama amefumba macho, na uso wake ulikuwa ule uliotulia wa barazani.

Baada ya mazishi alitaka kuiacha kesi. Alimwambia wakili, "Niliyekuwa nampigania nyumba hayupo." Wakili hakubishana naye. Alimwomba aje kwa tarehe moja tu, kwa sababu jaji mpya alikuwa amekubali kusikiliza mashahidi kwa mdomo.

Siku hiyo tulikuwa wachache kwenye benchi. Wakili alikuwa na watu wawili wa kiwandani, wote wazee. Kabla hajamwita wa pili, mlango ulifunguliwa akaingia Kogo, amefunga leso kichwani, anatembea kwa fimbo. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia habari kanisani kwake na amekuja kwa miguu mpaka barabara kuu, akapanda gari mwenyewe. Wakili alinong'onezana naye, akaomba ruhusa, wakili wa serikali akapinga, jaji akakubali.

Kogo alisema kwa Kinandi, na mkalimani wa korti akatafsiri. "Anasema anamjua huyu mzee tangu akiwa kijana. Anasema mtoto wake alipougua, huyu alimpeleka hospitali."

Mwalimu akasimama. "Mheshimiwa, samahani. Hajasema hospitali. Amesema nilimbeba mtoto mgongoni mpaka kwenye lami, kwa sababu matope yalizuia gari."

"Kaa chini, mzee," jaji akamwambia. Kisha akamtazama vizuri. "Wewe unaelewa Kinandi?"

"Nimezaliwa ndani yake, mheshimiwa."

Wakili wa serikali akamuuliza Kogo mbona mumewe, aliyekuwa kwenye kamati, hakusema kwamba anamfahamu mtu huyu.

Kogo alifikiri kidogo. "Alikuwa na mahindi pale," akasema.

"Mahindi?"

"Kwa shamba la huyu. Hata sasa yako. Mimi nimeyala, na yamenikaa hapa." Akajigusa kifuani.

Kogo akaomba maji. Aliyemletea ni Mwalimu, na hakuna askari aliyemzuia kuvuka.

Hukumu ilisomwa miezi kadhaa baadaye. Uamuzi wa kamati ulifutwa. Jaji alisema mtu hawezi kuambiwa si wa nchi bila kupewa sababu na nafasi ya kujitetea, na akaamuru apewe kitambulisho chake. Tulitoka nje, baba yangu akamkumbatia, wakili akawa analia na kucheka. Mwalimu alisema, "Haya, tumeanza," na sote tukacheka kwa nguvu. Halafu akageuza uso upande wa kushoto, mahali ambapo mkewe alipenda kusimama tukitoka kanisani.

Kitambulisho kilichelewa mpaka wakili akatishia kurudi kortini. Kilipotoka, mahindi ya Yamumbi yalikuwa yamevunwa na ua umerudishwa mahali pake. Mzee jirani hakuja kusema neno. Alituma debe la mahindi, na Mwalimu akalipokea. Nilitegemea kwamba atajenga tena. Hakujenga. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa, kwaya ilipata kijana mwenye kinanda, na binti yake, mmoja wa watoto wake waliokuwa wamehama nyumbani zamani, akamchukua kwenda kuishi naye Cheptiret, mahali ana duka la nafaka kando ya barabara ya Nakuru. Mimi niliolewa nikahamia Kisumu. Tulipigiana simu mwanzoni, kisha sikukuu tu.

Nilimwona mwaka jana. Nilikuwa nikitoka Nakuru na mume wangu kwenda Eldoret, nikamwomba asimame Cheptiret. Mwalimu alikuwa ameketi ndani ya duka, kati ya magunia, amekonda, viatu vyake ni vya mpira sasa kwa sababu ya miguu kuvimba. Alinijua kwa sauti kabla hajanitazama. Binti yake akatuletea chai.

Nilimuuliza habari za Yamumbi. Akasema ameiuza, na pesa amewapa watoto.

"Lakini uliipigania sana, Mwalimu."

"Niliipigania nikalale pale na mama yenu. Sasa yeye yuko kule." Akaelekeza mkono upande wa magharibi, kupitia ukuta wa duka. "Niliwaomba ndugu zake nimhamishe. Wakasema amelala, aachwe. Ni kweli. Basi nikawaomba mimi niende nilale kando yake, siku yangu ikifika."

Najua, na yeye alijua, kwamba kwa watu wa kule mkwe hazikwi kwa wakwe. Ni jambo zito.

"Wamesemaje?"

"Wameita wazee. Nilikwenda mwezi uliopita, nikakalishwa kwenye kiti, wao wamejipanga hivi." Alitabasamu kidogo. "Nikasema moyoni, mimi na kamati tumezoeana. Lakini hii sitaipeleka kortini."

"Walikuuliza nini?"

"Shemeji mkubwa aliniuliza swali moja. Aliniuliza, utalala hapa kwetu kama nani?"

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia, kama mume wake. Sina jina lingine la kuwapa."

Lori lilipita nje, kuta za mabati zikatetemeka, tukangoja lipite.

"Hawajasema hapana," akasema. "Wamesema nirudi baada ya mavuno." Akaichukua chai yake, ilikuwa imepoa, akainywa yote, kisha akamwita binti yake amtafutie kalenda.